Redd Foxx: Mcheshi aliyeigeuza nakala ikawa asili

Waswahili wana methali mbili zinazopingana. Moja yasema ya kale ni dhahabu. Ya pili yasema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kila mara mchezo wa kuchekesha uliopendwa zamani katika televisheni unapofanywa upya kwa waigizaji wengine, methali hizi mbili huingia uwanjani kupigana. Wako washikiliao kwamba mchezo ukishapata watu wake na wakati wake haufuatiliki tena, na kila aujaribuye huambulia kivuli. Wako pia wasemao kwamba hadithi nzuri ni kama wimbo wa arusi: haina mwenyewe, na kila aishikaye huitilia sauti yake.

Ubishi huu haujaisha. Mwaka 2016 shirika la BBC la Uingereza lilivitoa upya vichekesho vyake kadhaa vya zamani kwa nyuso mpya. Mwaka 2019 televisheni ya ABC ya Marekani ikafanya vivyo hivyo, tena kwa maneno yale yale yaliyoandikwa zaidi ya miaka 40 nyuma. Baadhi ya watazamaji walifurahi na wengine wakanuna.

Mwenye kutaka kuukata ubishi huu hana budi kuyatazama maisha ya mtu mmoja, marehemu Redd Foxx, mcheshi mashuhuri wa Kimarekani. Kwa nini yeye? Kwa sababu aliionja shubiri na asali katika jambo hili. Alichukua mchezo wa Waingereza akauigiza hata watu wengi wakasahau kwamba ulikuwa wa kuazima. Kisha akajaribu kuufufua mchezo huo huo wake mwenyewe, na safari hiyo akashindwa.

Mtoto wa St. Louis

Jina alilopewa na wazazi wake ni John Elroy Sanford. Alizaliwa tarehe 9 Desemba, 1922, katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Baba yake, Fred Sanford, alikuwa fundi wa umeme, naye aliihama nyumba mtoto akiwa na umri wa miaka minne hivi. Mzigo wa malezi ukawaangukia mama na bibi, na baadaye kijana akakulia Chicago, katika mitaa ya kusini ya mji huo ambako Wamarekani Weusi waliokimbia dhiki za majimbo ya kusini walikuwa wamejaa tele. Ndugu yake aliitwa Fred, kama baba yao. Msomaji aliweke jina hili la Fred Sanford akilini, kwa maana tutalikuta tena mbele.

Shule hakuimaliza. Mwaka 1939, akiwa hajatimiza miaka 17, yeye na rafiki zake waliounda kikundi cha muziki wa beseni na ubao wa kufulia nguo walirukia gari la moshi la mizigo na kwenda New York kutafuta riziki. Walipiga muziki wao njiani na kuokota senti walizotupiwa na wapita njia. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, kikundi kilitawanyika, na kijana John akabaki Harlem hana kwao wala kazi ya maana.

Wekundu wawili wa Harlem

Katika Harlem alipata kazi ya kuosha vyombo katika mkahawa mmoja uliojulikana kama Jimmy's Chicken Shack. Hapo ndipo alipojuana na kijana mwingine mhangaikaji kama yeye, aliyeitwa Malcolm Little. Wote wawili walikuwa na nywele zenye wekundu, na kwa hiyo wote wawili wakapewa lakabu ya Red, yaani Mwekundu. Ili wasichanganywe, mmoja akaitwa Chicago Red na mwenziwe Detroit Red.

Jinsi vijana hawa wawili walivyoachana njia ni jambo la kuzingatia. Malcolm alifungwa jela mwaka 1946, na humo gerezani akaanza safari iliyomfikisha katika dini ya Kiislamu. Mwaka 1964 alihiji Makka na kujulikana kwa jina la El-Hajj Malik El-Shabazz, na mwaka huo huo akazuru Afrika ya Mashariki, akafika Dar es Salaam na Nairobi. Dunia nzima ilimjua kama Malcolm X. Mwezi wa Februari, 1965, aliuawa kwa risasi New York mbele ya hadhara. Katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka huo baada ya kifo chake, hakumsahau yule muosha vyombo wa zamani. Alimkumbuka kuwa ni mtu asiyekuwa na mfano katika kuwachekesha watu.

Chicago Red naye akashika njia ya jukwaa. Ile lakabu yake akaiongezea herufi moja ikawa Redd, na kutoka kwa mchezaji maarufu wa mpira wa besiboli, Jimmie Foxx, akaazima jina la pili. Tangu hapo John Elroy Sanford akawa Redd Foxx.

Santuri za chini ya meza

Miaka ya mwisho ya 1940 alikuwa akizunguka katika vilabu vya usiku vya Wamarekani Weusi pamoja na mcheshi mwenzake, Slappy White. Baadaye alihamia Los Angeles, na huko maisha yalimkaba hata ikambidi achore mabango ya maduka ili apate posho. Mwaka 1956 kampuni ndogo ya santuri, iitwayo Dooto, ilimtolea santuri yake ya kwanza ya vichekesho. Iliuzwa kama njugu. Zilifuata nyingine na nyingine, hata zikapita 50.

Lakini santuri hizo hazikuwa za kuwekwa sebuleni. Maneno yake yalikuwa ya chumvi iliyokithiri, si ya kusikizwa mbele ya wakwe wala watoto, na maduka mengi yaliziuza kwa kuzitoa chini ya meza kama magendo. Zilimpa jina na zikamfungia mlango kwa wakati mmoja. Kila nyumba ya watu Weusi ilimjua, na hakuna mwenye televisheni aliyethubutu kumwita. Ilipofika mwaka 1964 ndipo alipoanza kualikwa katika vipindi vya mazungumzo vya televisheni, naye akaonyesha kwamba anaweza kuwachekesha watu bila ya kutamka neno la aibu.

Mwaka 1970 alipewa sehemu ndogo katika filamu iitwayo Cotton Comes to Harlem, iliyoongozwa na Ossie Davis. Aliigiza mzee maskini mwokota vitu vikuukuu. Sehemu hiyo ndogo ndiyo iliyomfungulia bahati yake, kwa sababu wakati huo huo kulikuwa na watu Hollywood waliokuwa wakimtafuta mzee wa aina hiyo hiyo.

Mchezo wa Waingereza

Ili tuyaelewe yaliyofuata, yatupasa kwanza twende London. Tarehe 5 Januari, 1962, BBC ilionyesha mchezo mfupi wa waandishi wawili, Ray Galton na Alan Simpson, juu ya baba na mwana waliokuwa wachuuzi wa vitu vikuukuu, wakipita mitaani na gari la farasi. Mchezo huo ulizaa mfululizo ulioitwa Steptoe and Son. Baba, Albert, aliigizwa na Wilfrid Brambell, na mwana, Harold, na Harry H. Corbett. Harold ana hamu ya kujitoa katika uchafu ule, asome, aoe, awe mtu mbele ya watu. Baba naye kila mara humpigia hesabu, humharibia, kisha hujifanya mgonjwa. Mtazamaji alicheka, na katikati ya kicheko akahisi donge kooni.

Mchezo huo ulipendwa kiasi cha kuingia katika siasa. Mwezi wa Oktoba, 1964, siku ya uchaguzi mkuu, kiongozi wa chama cha Labour, Harold Wilson, alihofia kwamba watu wangebaki majumbani kuutazama badala ya kwenda kupiga kura. Aliwasilisha malalamiko yake, na BBC ikausogeza mbele usiku huo mpaka vituo vya kura vifungwe.

Si ajabu kwamba mataifa mengine yalitamani. Uholanzi ilitengeneza nakala yake, na Sweden vile vile. Katika Marekani jaribio la kwanza lilifanywa mwaka 1965 kwa kuwatumia waigizaji Wazungu, Lee Tracy na Aldo Ray. Likafia pale pale kwenye jaribio na halikufika kuwa mfululizo. Waliozitazama shughuli hizo walidhani basi, mchezo huu ni wa London na hautoki London.

Fred Sanford wa Watts

Watayarishaji Norman Lear na Bud Yorkin hawakukata tamaa. Walikwisha kuuchukua mchezo mwingine wa Kiingereza, Till Death Us Do Part, wakaufanya wa Kimarekani kwa jina la All in the Family mwaka 1971, nao ukawika. Sasa wakaligeuza suala zima. Badala ya kutafuta Mmarekani atakayefanana na mzee wa Kiingereza, waliuhamisha mchezo mpaka Watts, mtaa wa Weusi wa Los Angeles uliokuwa umewaka moto wa ghasia mwezi wa Agosti, 1965, na watu 34 kupoteza maisha yao. Gari la farasi likawa pikapu kuukuu. Na mzee akawa Redd Foxx.

Tarehe 14 Januari, 1972, televisheni ya NBC ilionyesha sehemu ya kwanza ya Sanford and Son. Foxx alikuwa na umri wa miaka 49 tu, akiigiza mzee wa miaka 65. Ajabu ni kwamba Brambell naye, alipouanza mchezo wa Kiingereza miaka kumi nyuma, alikuwa na umri huo huo wa miaka 49.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Sehemu nyingi za mwanzo zilitafsiriwa kutoka kwa maandishi ya Galton na Simpson, visa vile vile, mara nyingine mpangilio ule ule. Lakini Foxx hakukubali kuwa kivuli cha mtu. Mhusika wake alipewa jina la Fred Sanford, jina la ndugu yake na baba yake. Yule baba aliyeihama nyumba akarudishwa kwa mlango wa nyuma, safari hii awe baba ng'ang'anizi asiyetaka mwanawe atoke nyumbani. Mwana, Lamont, aliigizwa na kijana Demond Wilson. Mke wa Fred, Elizabeth, alikuwa amekwisha kufa, na kila Fred alipobanwa na maneno alijishika kifua, akayumba, akainua macho mbinguni na kumwarifu marehemu mkewe kwamba anakuja. Ulikuwa uongo mtupu wa mshtuko wa moyo, na kila Ijumaa usiku Marekani nzima iliungojea.

Tena Foxx aliwavuta watu wake. Kwa sehemu ya shemeji mkali, Esther, alimleta LaWanda Page, mwenziwe wa utotoni wa St. Louis aliyekuwa mcheshi wa vilabuni. Mazoezi ya kwanza yalimshinda bibi huyo, na wakubwa wakataka kumwondoa. Foxx akawaambia kwamba akiondoka yeye, naye aondoka. Bibi akabaki, na akawa mmoja wa nguzo za mchezo. Foxx alidai pia kwamba waandishi Weusi wapewe kalamu, kwa kuwa aliona si sawa maneno ya Watts yaandikwe na watu wasioijua Watts. Mwandishi Ilunga Adell aliajiriwa, na hata Richard Pryor, aliyekuja kuwa mcheshi mkubwa, aliandika baadhi ya sehemu.

Basi mchezo ukabadilika tabia. Nyumba ya akina Steptoe ilikuwa kama jela ya watu wawili. Uwanja wa akina Sanford uliingiwa na majirani, marafiki, mashemeji na wadai. Uchungu ulipungua, kelele zikazidi, na mapenzi ya baba na mwana yakaonekana waziwazi. Mwenye kuupenda mchezo wa Kiingereza anaweza kusema kwamba ule una kina zaidi, wala hatakosea. Lakini hawezi kusema kwamba huu ni mwigo. Katika msimu wa 1972 na 1973 ulikuwa wa pili kwa kutazamwa katika Marekani nzima, na mwaka 1973 Foxx alipewa tuzo ya Golden Globe. Wapo Weusi walionung'unika kwamba mchezo huo unawaonyesha wenzao kuwa ni mafukara wa majalalani. Wengine wengi waliona kwamba kwa mara ya kwanza sauti ya mtaa wao imeingia katika kila sebule.

Mgema akisifiwa

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 1974 Foxx aligombana na wakubwa juu ya mshahara na fungu lake katika faida, akasusa na kukosekana katika sehemu kadhaa, hata rafiki wa Fred, mzee Grady, aliyeigizwa na Whitman Mayo, akalazimika kuishika nafasi yake. Kwa kweli madai yake hayakuwa ya upuuzi, maana mabega yake ndiyo yaliyoubeba mchezo. Alirudi baada ya kupatana. Hata hivyo mwaka 1977 aliihama NBC, akaenda ABC ambako aliahidiwa kipindi chake mwenyewe. Kipindi hicho hakikumaliza hata mwaka.

Sasa tutazame yaliyotokea. Demond Wilson naye alikuwa amejitoa. NBC, ikidhani kwamba jina ndilo lenye baraka, ikautoa mchezo ulioitwa Sanford Arms katika uwanja ule ule na majirani wale wale, bila Fred wala Lamont. Ulionyeshwa mara nne tu ukaondolewa. Mwaka 1980 Foxx mwenyewe alirudi NBC na mchezo ulioitwa Sanford. Mzee ni yule yule, kofia ni ile ile, maradhi ya uongo ni yale yale. Kilichokosekana ni Lamont, yule mwana wa kumzuia. Mwaka 1981 ukazikwa.

Hebu tulinganishe. Mwaka 1972 Foxx aliichukua kazi ya mtu mwingine, mgeni kabisa kwake, akafaulu. Mwaka 1980 aliichukua kazi yake mwenyewe, aliyoijua ndani na nje, akashindwa. Kama umbali na asili ndio ungekuwa kipimo, mambo yangekuwa kinyume chake. Mara ya kwanza alitia kitu ambacho Waingereza hawakuwa nacho: baba yake, St. Louis yake, Harlem yake, na miaka 30 ya kulala njaa. Mara ya pili hakutia kitu kipya, alijinakili. Na tena ule mchezo, wa London na wa Watts, haukuwa hadithi ya mzee mcheshi. Ulikuwa hadithi ya baba anayemwogopa mwanawe asije akaondoka. Mwana akiisha kuondoka, hofu imekwisha, na hadithi imekwisha pamoja nayo.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Foxx alipata fedha nyingi, na mkono wake ulikuwa wazi kwa marafiki, kwa wacheshi waliofilisika na kwa anasa. Hesabu ndiyo iliyomshinda. Mwaka 1983 alitangazwa muflisi. Mwishoni mwa 1989 maafisa wa kodi waliingia katika nyumba yake ya Las Vegas, wakachukua magari, vito na vyombo vyake mbele ya macho yake, naye akalia hadharani. Mwaka huo huo alikuwa ameigiza katika filamu ya Harlem Nights pamoja na Richard Pryor na Eddie Murphy, kijana aliyemheshimu kama baba wa kazi.

Ni Eddie Murphy huyo aliyemtafutia nafasi nyingine. Mwezi wa Septemba, 1991, televisheni ya CBS ilianza kuonyesha mchezo uitwao The Royal Family, Foxx akiwa baba mkali mstaafu na Della Reese mkewe. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi ilionekana kwamba bahati imemrudia.

Tarehe 11 Oktoba, 1991, walipokuwa katika mazoezi huko Hollywood, Foxx alijishika na kuanguka. Waliokuwapo walicheka. Walidhani ni ule mchezo wake wa siku zote, anamwita Elizabeth. Ilichukua muda kabla hawajatambua kwamba mara hii moyo umeshikwa kweli. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Jioni hiyo alikata roho hospitalini, akiwa na umri wa miaka 68. Alizikwa Las Vegas, na Eddie Murphy ndiye aliyesimamia gharama za mazishi ya mtu ambaye zamani santuri zake ziliuzwa kama njugu.

CBS haikutaka kuupoteza mchezo wake. Mwigizaji mwingine, Jackée Harry, aliingizwa ili kuliziba pengo, na hadithi ikapindwapindwa ili imkubali. Mwaka 1992 mchezo huo nao ukakatwa.

Basi wanaobishana juu ya ya kale na ya sasa, kila upande una haki yake. Kichekesho cha zamani kinaweza kulinganishwa na kipya, hata kikazidiwa, iwapo mwenye kukishika ana jambo lake mwenyewe la kusema na anaujua moyo wa hadithi uko wapi. Asipokuwa na jambo, hata akiwa ni yule yule wa kwanza, na viatu vyake vile vile, watu watatazama wiki mbili tatu kwa ajili ya kumbukumbu, kisha watazima televisheni na kwenda kulala.